Kabla ya kulipia uanachama wa ukumbi wa kupanda kuta

KIJANA aliyelelewa Kalemng'orok, kando ya barabara kuu itokayo Kitale kuelekea Lodwar, hahitaji kufunzwa kwamba mwamba hupandwa. Mchungaji akipotelewa na mbuzi hukwea kilima cha mawe ili aone mbali, na hufanya hivyo bila kamba wala kiingilio. Lililo geni kwake ni kupanda kwa kulipia: kuingia katika jumba mjini, kufungwa mkanda kiunoni, na kukwea ukuta wa mbao uliopachikwa vishikio vya plastiki vya rangi mbalimbali.

Mchezo huo umepata umaarufu mkubwa tangu ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Huko Paris, mwaka 2024, idadi ya nishani za dhahabu iliongezwa kutoka mbili hadi nne, kwa kuwa mbio za kupanda ukuta wa mita 15 zilitengwa na mashindano mengine. Afrika Kusini ilipeleka wapandaji katika michezo yote miwili.

Nchini Kenya kumbi za aina hii ni chache na zimejikita jijini Nairobi. Hivyo basi, kijana wa Kalemng'orok, Lodwar au Kakuma hukutana nazo anapokwenda jijini kwa masomo au kazi. Hapo ndipo anapowekewa fomu mezani na kuulizwa: utalipa kwa siku, kwa mwezi, au kwa mwaka mzima? Jibu lake laweza kuiokoa familia yake gharama kubwa, au kuitia hasarani. Kabla ya kulitoa, kuna mambo manne yanayofaa kupimwa, na usalama ndio wa kwanza.

Usalama kwanza

Kuta za kupandia ndani ya majumba si jambo la jana. Aghalabu hutajwa ukuta uliojengwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na mhadhiri Don Robinson, aliyetaka wapandaji waweze kufanya mazoezi hata mvua inaponyesha. Tangu hapo kumekuwa na namna mbili kuu za kupanda ndani, na kila moja ina hatari yake.

Ya kwanza ni kupanda ukuta mfupi bila kamba. Kwa kawaida ukuta huo hauzidi mita nne na nusu, na chini yake hutandazwa magodoro mazito. Hapa mpandaji huanguka kila siku. Kuanguka ni sehemu ya mchezo. Kwa hiyo anayetafuta ukumbi na akague magodoro kwanza. Je, yameshikana bila nyufa za kunasa kifundo cha mguu? Je, yanamrudisha mtu juu, au yamebonyea kama godoro kuukuu la bweni? Je, watoto na watazamaji huruhusiwa kukaa juu yake wakati wengine wanapanda? Ukumbi unaoruhusu hayo haufai, hata ada yake iwe nafuu namna gani.

Ya pili ni kupanda ukuta mrefu kwa kamba. Mpandaji hufungwa kamba kwenye mkanda wake, na mwenzake aliye chini huishikilia kwa kifaa maalumu. Katika baadhi ya kumbi kazi hiyo hufanywa na mashine inayovuta kamba yenyewe. Kosa moja dogo huweza kuwa la mwisho: fundo lisilokazwa, mkanda usiofungwa vyema, au mpandaji aliyesahau kujiunga na mashine kabla ya kuanza kukwea.

Kutokana na hayo, ukumbi wenye nidhamu hauwezi kumruhusu mgeni amshikilie mwenzake kamba kabla ya kumfunza na kumtahini. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza na kuambiwa ajihudumie, hiyo ni dalili tosha ya kutafuta mahali pengine. Vilevile, na aangalie iwapo wanaopanda hukaguana mafundo na mikanda kabla ya kila safari. Pale ambapo desturi hiyo imeshika, huonekana hata kwa wapandaji hodari.

Vifaa navyo vina ushahidi wake. Kamba na mikanda iliyopimwa huwa na alama ya viwango vya Ulaya, au ya UIAA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima lililoundwa mwaka 1932. Watengenezaji wengi huagiza mikanda ya nguo isitumike zaidi ya miaka 10 hata ikiwa imehifadhiwa vyema, na iondolewe mapema zaidi ikiwa inatumika kila siku. Mwenye ukumbi anapaswa kuwa na daftari linaloonyesha kila kifaa kilinunuliwa lini na kilikaguliwa lini. Kuomba kuliona daftari hilo si utovu wa adabu. Mwenye kazi safi hulionyesha kwa fahari.

Umbali na hesabu yake

Jambo la pili ni umbali. Wengi hulinganisha ada na kusahau nauli. Tuchukue mfano wa kubuni tu. Ukumbi wa kwanza unatoza Sh6,000 kwa mwezi, na nauli ya kwenda na kurudi ni Sh200. Wa pili unatoza Sh4,500, lakini uko mbali na nauli yake ni Sh400. Anayekwenda mara mbili kwa wiki, yaani mara nane kwa mwezi, atatumia Sh7,600 katika ukumbi wa kwanza na Sh7,700 katika wa pili. Ule ulioonekana rahisi umekuwa ghali zaidi, bila kuhesabu saa zinazopotea katika msongamano wa magari.

Aidha, viatu maalumu vya kupandia na mikanda hukodishwa. Na aulize kama ukodishaji umo ndani ya ada au hutozwa kando kila siku. Aulize pia saa ambazo ukumbi hujaa, kwa sababu ukuta ulio huru asubuhi huenda ukawa na foleni ndefu jioni, wakati mwanafunzi au mfanyakazi anapopata nafasi.

Jambo la tatu ni njia zenyewe. Vishikio vinapaswa kuhamishwa na kupangwa upya mara kwa mara, la sivyo mwanachama atakuwa amezikariri njia zote baada ya wiki chache. Swali fupi kwa wapandaji wa kawaida, wala si kwa aliye mapokezini, litatoa jibu: ukuta huu ulibadilishwa lini mara ya mwisho?

Mtego wa ada ya mwaka

La nne ni namna ya kulipa, na hapa ndipo wenyeji wa Turkana wanapopaswa kuwa waangalifu zaidi ya wengine. Mwenye mshahara hupata fedha kila mwezi, lakini mfugaji hupata kwa mkupuo anapouza mifugo. Mzazi wa Kalemng'orok akiuza mbuzi kadhaa ili kumtunza mwanawe jijini, kitita hicho hufika chote siku moja kwa simu. Ukumbi unaoahidi punguzo kwa atakayelipa mwaka mzima huonekana kama umeletwa na Mungu.

Hebu tuhesabu kwa mfano uleule. Ada ya mwezi ni Sh6,000, na ya mwaka ni Sh48,000 badala ya Sh72,000. Punguzo ni Sh24,000, nalo linavutia. Lakini Sh48,000 ni sawa na ada ya miezi minane. Mwanafunzi anayerudi Turkana kwa likizo za jumla ya miezi minne atapanda kwa miezi minane tu. Hajaokoa hata shilingi moja, ilhali amekabidhi fedha zake zote mapema. Akiugua, akihamishwa, au karo ikikosekana, amepata hasara.

Nayo karo hukosekana. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika Pembe ya Afrika, na familia nyingi za Turkana zilipoteza mifugo yao. Katika hali kama hiyo, fedha zilizofungiwa katika ukumbi wa michezo haziwezi kununua unga. Kwa mkimbizi wa Kakuma hali ni ngumu zaidi, kwa vile anayehitaji kibali ili kutoka kambini hawezi kuwa na hakika kwamba atakuwa jijini mwezi ujao.

Kumbi zenyewe pia hufungwa. Mwaka 2020 janga la Korona lilifunga kumbi za mazoezi katika nchi nyingi, na wanachama waliokuwa wamelipa ya mwaka wakabaki wakiuliza kuhusu fedha zao.

Sheria inasemaje?

Wakenya wengi hawajui kwamba mikataba ya aina hii inatajwa katika sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za kiwango kinachofaa, kuelezwa anachohitaji kujua, na kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakwenda mbali zaidi. Ina sehemu mahususi kuhusu huduma za afya ya mwili, mazoezi na michezo zinazolipiwa kabla ya kutolewa.

Chini ya sehemu hiyo, mkataba unapaswa kuandikwa, na mteja kupewa nakala yake. Mkataba haupaswi kupita mwaka mmoja. Mteja ana siku 10 za kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Siku hizo huhesabiwa tangu apate nakala, au tangu huduma zote zianze kupatikana, kutegemea lipi limechelewa. Mtoa huduma anatakiwa pia kuwa na mpango wa kulipa kwa awamu, ili asiye na kitita asifungiwe mlango. Zaidi ya hayo, haki zilizotolewa na sheria hiyo haziondoki kwa sababu tu mteja ametia saini karatasi inayosema amezikana.

Hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa kila ukumbi humtaka mpandaji atie saini karatasi ya kukubali hatari. Karatasi hiyo ni ya kawaida na ina maana yake: kupanda ni mchezo wa hatari, na anayepanda anapaswa kujua hivyo. Lakini haimpi mwenye ukumbi ruhusa ya kutumia kamba iliyochakaa. Isomwe yote kabla ya kutiwa saini, na aulize kama ukumbi una bima ya wanachama.

Katika mkataba, na atafute majibu ya maswali matatu. Je, uanachama waweza kusimamishwa kwa muda wa likizo au ugonjwa? Je, hujirudia wenyewe unapokwisha? Je, ukumbi ukifungwa, fedha zilizobaki hurudishwa vipi? Malipo yafanywe kwa nambari ya biashara, wala si kwa simu ya mtu binafsi, na ujumbe wa simu uhifadhiwe pamoja na risiti.

Mambo yakienda mrama, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani nchini Kenya. Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuyaamua kwa siku 60.

Chama au ukumbi?

Ipo njia nyingine kwa anayependa mwamba kuliko ukuta. Chama cha Wapanda Milima cha Kenya, chenye historia inayorejea katika miaka ya 1940, ni mali ya wanachama wake, na hupanda katika maeneo kama Lukenya, Kaunti ya Machakos, na Hell's Gate karibu na Naivasha. Mwanachama hukutana na wenye ujuzi wa miaka mingi. Hata hivyo, kanuni za sheria tulizozitaja kuhusu mikataba zililenga biashara, na si vyama vinavyomilikiwa na wanachama. Katika chama, ulinzi wa mwanachama ni katiba ya chama na kura yake mkutanoni.

Na aliyebaki nyumbani je? Lodwar, makao makuu ya kaunti, haina ukuta wa kupandia, lakini kipimo hikihiki chaweza kutumiwa kwa ukumbi wowote wa mazoezi ya viungo: akague vifaa kabla ya kukagua bei, ahesabu nauli, na aombe mkataba wa maandishi. Katika mji ambao joto la mchana hufikia nyuzi 35 na kuzidi, aongeze maswali mawili, la hewa na la maji ya kunywa.

Kwa anayeanza, utaratibu wenye busara ni huu. Alipe ya siku moja katika kila ukumbi anaoufikiria, aende saa ileile atakayokuwa akienda siku zote, kisha alipe ya mwezi mmoja katika ule uliomridhisha kwa usalama. Miezi mitatu ikipita na bado anakwenda mara mbili kwa wiki, hapo ndipo afikirie mkataba mrefu. Fedha za mbuzi zilizobaki zikae akibani hadi wakati huo.