BUSTANI YA UHURU SI NYASI TUPU

Wengi wetu hupita Bustani ya Uhuru tukiwa ndani ya matatu bila hata kugeuza shingo. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, mpaka likizo ya Agosti shangazi aliponiambia, "Leo tunashuka, twende tukatembee."

Bustani hii iko Nairobi, kando ya barabara kuu ya Uhuru, ng'ambo tu ya katikati ya jiji. Ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1969. Ukubwa wake ni karibu hekta 13. Kiwanja cha mpira hakifiki hekta moja, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe!

Ndani kuna ziwa lililochimbwa na watu, miti ya kivuli na vijia vya kutembea kwa miguu. Tulipanda polepole hadi juu mlimani, na hapo jiji lote likawa mbele yetu, KICC ikiwa imesimama katikati. Shangazi alinionyesha uwanja wa mikutano. Hapo ndipo Rais Mwai Kibaki alipoitia sahihi Katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010, umati ukishangilia.

Lakini, je, mnajua kwamba bustani hii ilikaribia kutoweka? Mwaka wa 1989 chama tawala cha wakati huo, KANU, kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alikataa katakata. Silaha yake ilikuwa kalamu: aliandika barua kwa wakubwa wa hapa na wa ng'ambo. Alitukanwa hata Bungeni, lakini hakunyamaza. Mwishowe waliotarajiwa kutoa pesa walijiondoa, na jumba halikujengwa. Mwaka wa 1992 alikuwa hapo tena pamoja na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Polisi waliwapiga. Pembe hiyo sasa huitwa Pembe ya Uhuru.

Niliposikia hayo nilinyamaza. Mtaani kwetu palikuwa na kiwanja cha watoto. Asubuhi moja tulikuta kimezungushiwa mabati. Leo ni maghorofa, na wadogo zangu wanacheza mpira barabarani wakikwepa magari. Watu walinung'unika sana, lakini hakuna aliyeandika barua hata moja, mimi nikiwemo.

Wenzangu, barua rasmi tumefundishwa darasani. Tunajua anwani huwekwa wapi na mada huandikwaje. Kumbe si ya mtihani peke yake! Mkiona mabati yanazungushwa mahali pa umma, chukueni kalamu mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na Jumamosi moja mkipata nafasi, shukeni matatu mtembee bustanini. Takataka zenu mrudi nazo.