Ng'ombe ana ngitili, mcheza ngoma je?

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma hayamtegemei jaji mwenye kalamu. Vikundi viwili, kimoja cha Bagika na kingine cha Bagalu, hukaa ncha mbili za uwanja na kuanza kupiga kwa wakati mmoja. Watu huachwa waende wanakotaka. Aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi, basi.

Manju (kiongozi wa ngoma) mmoja mzee wa Nkoma, wilayani Itilima, alinieleza hayo kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika ugali. Lakini alitaja jambo moja kwa kupita tu, nami likanikwama: umbali. Kati ya vikundi sharti pabaki nafasi pana, mtu akihama aonekane amehama. Ngoma zikisogeleana, sauti zinaingiliana, umati unakuwa mmoja, na hapo ubishi hauishi hadi kesho yake. Uwanja wenyewe ndio mizani.

Anasema manju huimba huku akiwatazama watazamaji wa nyuma. Wa mbele ni ndugu na jamaa, hao hawatoki. Wa nyuma ndio wa kuogopwa: akigeuza shingo mmoja, watatu watamfuata. Kwa hiyo kila kundi huficha kitu. Wengine huficha sanamu ya mbao yenye mikono inayochezeshwa, wengine wimbo mpya wenye kumsema mtu anayejulikana. Bayeye, wacheza nyoka, wana chatu wao. Kosa la vijana, kwa maoni yake, ni kutoa kila kitu saa ya kwanza, kisha jua likianza kushuka hawana cha kumrudisha aliyeondoka. Nilimuuliza kuhusu dawa ya mvuto. Akacheka, akasema wapinzani wake wanayo.

Chimbuko la upinzani huu tunalisikia tangu utotoni: waganga wawili, Ngika na Gumha, karne ya 19, kila mmoja na wafuasi wake. Kule Bujora, Mwanza, Padri David Clement aliuingiza katika sherehe ya Bulabo, na watalii huenda kuutazama. Nkoma hakuna tiketi. Msimu hufika baada ya mavuno, pamba ikishachumwa na mashamba yakabaki matupu, na mbina, yaani ngoma hizi, huchezwa palipo wazi.

Palipo wazi kwa ruhusa ya nani? Usukumani hatukosi ujuzi wa kutenga ardhi. Ng'ombe ana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ayakute kiangazi, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986 eneo hili likiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulizifufua ngitili kwa maelfu ya hekta, na wageni wakaja kujifunza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Mlango upo, basi. Mjini tunapigania maeneo ya wazi yanapovamiwa na fremu za maduka. Kijijini tunadhani nafasi haiwezi kwisha, wakati kila mwana anayeoa anakatiwa kipande chake na jembe la ng'ombe linasogea hadi mlangoni.

Uwanja wa shule? Mzee hakuufurahia. Una magoli, una ratiba, na nyoka hakaribishwi.

Nikamuuliza kwa nini manju wasiende pamoja serikali ya kijiji kuomba watengewe eneo. Pamoja na nani, akauliza. Bagika wakiomba, Bagalu watasema uwanja ni wa Bagika, na watataka kujua dawa gani imefukiwa pale. Labda waombe wale wa nyuma, wanaogeuza shingo. Lakini hao hawana kiongozi, na sijui nani angeitisha kikao chao.