Je, Wajua? Begi la Kupandia Mlima Meru

Je, wajua kwamba uzito wa begi la mgongoni haupaswi kuachiwa mabega peke yake? Mkanda wa kiunoni ukikazwa vizuri, sehemu kubwa ya mzigo huhamia kwenye nyonga na miguu. Wapandao Mlima Meru wa Tanzania, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, hulala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle vyenye vitanda, kwa hiyo hawana haja ya kubeba hema. Chagua begi linalolingana na urefu wa mgongo wako. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea kukinga nguo na mvua: imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Kabla ya kulipia begi, lijaze mzigo, livae, utembee nalo dukani.