Tairi mpya, alaimenti mpya, mbona gari bado linayumba?

Mathee alishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Tulikuwa tumepita Githurai kwenye Thika Road, tukielekea Murang'a, mshale ukigusa 90. Gari likaanza kucheza kama bodaboda iliyobeba sofa. Nikilirekebisha kushoto kidogo, linapitiliza. Nikirudisha kulia, vilevile.

"Kijana wangu, si ulisema umetengeneza?"

Sikuwa na jibu. Siku mbili kabla, nilikuwa nimeweka tairi 4 mpya na kufanyiwa alaimenti, zote kwa mkopo wa simu. Tuligeuka tukarudi polepole.

Kwa gereji, jamaa alicheka tu. "Hizo ni tairi mpya, buda. Zitazoea barabara."

Alikuwa na nusu ya ukweli. Meno ya tairi mpya ni marefu na hunyumbuka, kwa hivyo kwa kilomita mia chache za kwanza usukani unaweza kuhisi umelegea kidogo. Lakini kulegea kidogo si kuyumba hadi mzazi aanze kuomba.

Nilipata fundi mwingine, mzee mpole wa jua kali. Kabla ya kugusa spana aliniuliza: "Inatetemeka, inavuta, ama inaelea?" Swali hilo ndilo lingeniokolea doo.

Kama gari linatetemeka kuanzia spidi 80 hivi, shuku balansi. Alaimenti na balansi si kitu kimoja. Balansi ni vile vyuma vidogo vinavyobandikwa kwa rimu ili gurudumu lizunguke sawa. Usukani ukitetemeka, mara nyingi shida iko mbele. Kiti kikitetemeka, angalia nyuma. Na kama magurudumu yametolewa juzi, simama kwanza mahali salama uhakikishe nati zimekazwa. Hiyo si ya kungoja kesho.

Kama linavuta upande mmoja, pima upepo wa tairi zote. Ukiwa sawa, mwambie fundi abadilishane tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Gari likianza kuvuta upande mwingine, tatizo ni tairi yenyewe. Ila kama tairi zako zina mshale wa mwelekeo ubavuni, usizibadilishane hivyo.

Kama linaelea, yaani linatangatanga kwa leni na wewe unalifukuza na usukani, kuna mambo matatu: upepo, alaimenti mbaya, au kitu kilicholegea chini.

Langu lilikuwa linaelea. Mzee alipima upepo: 44 kila tairi. Kibandiko kilicho kwa fremu ya mlango wa dereva kinasema 33. Nambari iliyoandikwa kwa ubavu wa tairi ni kiwango cha juu kabisa cha tairi hiyo, si cha gari lako. Ikijaa kupita kiasi inakuwa ngumu, inakanyaga lami kwa katikati tu, na kila mkwaruzo wa barabara unaisukuma.

Akapunguza upepo. Gari likapoa kidogo, lakini halikupona. Akalipandisha na kulitegemeza vizuri, akashika gurudumu pande za kushoto na kulia akalitikisa. Tairodi zilikuwa imara. Kisha akaingiza chuma kwenye bushi, ile mipira ya mikono inayoshika magurudumu ya mbele. Zilikuwa zimepasuka zote mbili.

Hapo nikaelewa. Mashine ya alaimenti hupima gari likiwa limesimama. Bushi zikiwa zimekufa, karatasi itaonyesha kila kitu ni kijani, lakini ukifika spidi magurudumu yanajipangia yenyewe. Nililipia vipimo vya gari ambalo halikuwa tayari kupimwa.

Kwa hivyo, mpangilio ni huu: bushi na viungo kwanza, tairi na balansi, upepo wa kibandiko, halafu alaimenti mwisho. Itisha karatasi ya kabla na baada. Fundi akikuambia "itazoea", muulize ameangalia nini chini.

Nilibadilisha bushi, nikarudia alaimenti. Jumamosi iliyofuata tulipita Githurai tena. Nilitazama mikono ya mathee kuliko nilivyotazama mshale.

Ilikuwa kwa mapaja yake. Kufika Juja, alikuwa amelala.