Swali na Jibu Lake

Filamu ya vikaragosi vya udongo na mahojiano ya Rais aliyejiuzulu ni vitu ambavyo mtu hadhani kuviweka pamoja. Nyumbani kwangu tulivitazama usiku mmoja, na sasa siwezi kukiona kimoja bila kukikumbuka cha pili.

Filamu hiyo ni ya Jan Švankmajer wa Chekoslovakia. Ilitengenezwa mwaka 1982, na mwaka 1983 ikapata Dubu wa Dhahabu wa filamu fupi mjini Berlin. Ina sehemu tatu. Wanangu waliipenda ya mwisho. Vichwa viwili vya wazee vinatazamana mezani. Kimoja chatoa mswaki kinywani, cha pili dawa ya meno. Kiatu, na kamba yake. Mkate, na siagi. Penseli, na kichongeo. Watoto wakacheka. Kisha majibu yakaanza kuyakosa maswali: dawa ya meno ikapakwa mkate, kiatu kikatiwa siagi, hata vichwa vikapasuka na kuhema, ndimi nje.

Ndugu msomaji, mahojiano mangapi ya wanasiasa tumeyaona yakiwa hivyo! Mtu huulizwa habari ya kamba, akajibu habari ya siagi, na mwulizaji akamshukuru.

David Frost, Mwingereza, hakushukuru upesi. Alimhoji Richard Nixon huko California mwaka 1977, karibu miaka mitatu baada ya Nixon kuondoka madarakani kwa kashfa ya Watergate. Walirekodi kwa saa zaidi ya ishirini. Nixon alilipwa dola 600,000, jambo lililolaumiwa sana, na mimi nalilaumu pia. Mwanangu mkubwa aliuliza kama mtu aliyelipwa huwa amekiri au ameuza. Lakini Frost alikuwa na watafiti waliosoma kumbukumbu za mahakama, naye aliyajua maneno ya Nixon yaliyonaswa kwenye kanda. Kila Nixon alipotoa siagi, Frost alimrudishia kamba. Mwishowe akaziweka kando karatasi zake, akamweleza waziwazi kwamba Wamarekani walikuwa wakingoja kusikia mambo makubwa kuliko neno “makosa”. Nixon akakubali kwamba aliwaangusha wananchi wake.

Wazazi wajue kwamba sehemu ya pili ya filamu, ya wapenzi wa udongo wanaoraruana, haifai kwa watoto wadogo. Wangu niliwatuma jikoni kuleta chai.