Wasee wa Kenol, Mkipiga Mbizi Kisite Msirudi Mlimani Usiku Huo Huo

Mbogi ya Kenol imeanza kuchanga doo ya kwenda Kisite. Form ni poa, lakini kuna kitu moja watu wa stage hawatakuambia.

Kisite-Mpunguti ni hifadhi ya bahari kusini mwa kisiwa cha Wasini, kaunti ya Kwale. Boti zinatoka Shimoni, na wasimamizi ni KWS. Ukifika kwa miamba uko na njia mbili.

Ya kwanza ni snokeli. Unavaa miwani ya maji, mrija mdomoni, unaelea ukicheki samaki na matumbawe. Kama hujui kuogelea, jaketi ya kuelea usiitoe, hata mabeshte wakicheka.

Ya pili ni skuba. Hapa unashuka na mtungi wa hewa mgongoni. Mita 10 chini, presha ni mara mbili ya ile ya juu. Ukipanda ukiwa umebana pumzi, hewa inafura na inaweza kupasua mapafu. So pumua kila saa, usiwahi kubana.

Halafu kuna naitrojeni. Ukiwa chini inaingia kwa damu na misuli. Ukipanda pole pole, unaitoa kwa kupumua. Ukiharakisha, ni kama kufungua soda imetingishwa: mapovu. Yanauma viungo, yanaweza kukupoozesha, hata kukuua.

Mimi nilikuwa nimekata tiketi ya basi ya usiku. Mwalimu wa mbizi akaniuliza, "Kwenu ni wapi?" Nikamwambia Kenol. Akatingisha kichwa.

Sababu ni hii. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Nyeri inapita 1,700. Ukipanda huko presha ya hewa inashuka, na mwili unaona ni kama umepanda ndege. Wapiga mbizi husubiri angalau masaa 12 kabla ya ndege kama walizama mara moja, na 18 kama ni mara kadhaa. Heshimu hayo masaa hata kwa gari na SGR. Snokeli ya kuelea tu haina hii shida.

So zameni Jumamosi asubuhi, laleni huko, mrudi Jumapili mchana. Na viungo vikiuma ama uhisi ganzi, usiseme ni uchovu wa safari. Kimbia hosi na umwambie daktari ulipiga mbizi.

Nyama choma ya Kenol itawangoja.