Utangulizi: Saa Tatu au Saa Sita?

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Akifika Marko 15:25 na kukuta kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, hahitaji kupiga hesabu yoyote. Ni saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, watu wako sokoni. Wayahudi wa karne ya 1 walihesabu saa za mchana tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi. Bahati hiyo ina gharama yake. Akifungua Yohana 19:14 anamkuta Yesu bado yuko mbele ya Pilato, hajakabidhiwa kwa wasulubishaji, na saa inakaribia sita. Jua la utosi. Mwingine angepita hapo bila kushtuka, lakini sisi saa zenyewe zinatushika shati.

Kurasa hizi ni za mtu aliyewahi kukwama hapo akaona haya kuuliza. Taaluma tunayoingia haina jina moja lililotulia katika Kiswahili, na vyuoni hugawanywa vipandevipande kati ya masomo mawili matatu. Swali lake ni jepesi kulitamka: Maandiko yanapoonekana kupingana, kuna nini hapo? Na Mkristo anayekiri kwamba Biblia haina kosa, anakiri nini hasa?

Wanafunzi huja darasani kwa njia mbili. Wapo waliotoka kwenye mihadhara ya jioni, pale spika inapofungwa uwanjani, mhadhiri anamwambia msaidizi wake “soma,” aya mbili zinasomwa zikifuatana, na umati unaitikia kwa takbir. Wapo waliouliza kanisani wakajibiwa kwamba mambo ya Mungu hayachokonolewi. Makundi haya hutazamana kwa mashaka wiki ya kwanza, ingawa yamelelewa na wazo lilelile: kwamba Maandiko ni shahidi mahakamani, akijikwaa mara moja kesi imeanguka. Wazo hilo ndilo la kulitazama kwanza, kabla ya aya yoyote.

Turudi kwenye saa. Suluhisho utakalokutana nalo mapema, kwa kuwa limejaa katika vitabu vya ufafanuzi, ni kwamba Yohana alitumia saa za Kirumi zinazoanza usiku wa manane, hivyo saa yake ya sita ni alfajiri. Linavutia. Ila Warumi nao walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza. Usiku wa manane ulikuwa mpaka wa siku katika mambo ya sheria, lakini kwenye saa zao za jua adhuhuri ni namba VI. Tena Yohana huyuhuyu anamketisha Yesu kisimani Samaria, amechoka kwa safari, saa sita. Ukisoma sura hiyo ya 4 kwa miguu ya mtu aliyewahi kutembea juani, hutaitafuta alfajiri.

Suluhisho la pili ni la kalamu. Kigiriki kiliweza kuandika namba kwa herufi, na gama, yaani tatu, inafanana sana na alama ya sita. Hoja hii ni ya kale, inahusishwa na Eusebio wa Kaisaria, na kweli ipo miswada michache ya Yohana inayosoma saa tatu. Lakini mnakili akiona tofauti hupata hamu ya kuisawazisha, kwa hiyo muswada unaoondoa ugumu ndio wa kutiliwa shaka kwanza. Augustino wa Hippo alikuwa na jibu jingine: saa tatu Yesu alisulubiwa kwa ndimi za Wayahudi waliopiga kelele, na saa sita kwa mikono ya askari. Ni werevu, na ni werevu wenye sumu, maana deni la saa tatu limelipwa kwa kuwatwika watu wa taifa zima damu. Wengine husema tu kwamba enzi hizo hakukuwa na saa za mkononi, watu walikadiria. Hili naliheshimu kuliko yote yaliyotangulia. Hata hivyo, makadirio yanayomfanya mtu awe ameshapigiliwa misumari kabla hajakabidhiwa yanahitaji kuvutwa kweli.

Sasa soma tena aya ya Yohana, taratibu. Kabla ya kutaja saa anataja siku: maandalio ya Pasaka. Alasiri ya siku hiyo ndipo wana-kondoo wa Pasaka walipochinjwa hekaluni. Injili iliyofungua kwa Yohana Mbatizaji kumwita Yesu Mwana-Kondoo (1:29) inaelekea ukingoni kwa mfupa usiovunjwa (19:36), jambo ambalo ni sharti la mwana-kondoo wa Pasaka katika Kutoka 12:46. Marko naye ana mpango wake. Asubuhi na mapema, saa tatu, saa sita, saa tisa, jioni: siku yote imepimwa kwa hatua sawa, kama watu wanaopokezana jeneza. Hapa ndipo ninaposimama mimi, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema. Naona tofauti ni ya kweli, na anayekimbilia kuzichanganya Injili hizi mbili anatunga ya tano ambayo hakuna mwinjilisti aliyeiandika.

Kutunga ya tano si mzaha wangu. Tatian aliifanya kazi hiyo yapata mwaka 170. Alizisuka Injili nne kuwa simulizi moja, na makanisa ya Siria yakaitumia kwa vizazi vingi. Mwishowe Kanisa lilibaki na nne, likijua vizuri kwamba hazilingani, na sidhani kama tumewahi kuushangaa uamuzi huo vya kutosha. Mwaka 1537 Andreas Osiander, mchungaji wa Nürnberg, alijaribu njia nyingine: kila panapotofautiana, basi ni matukio mawili. Binti Yairo akafufuliwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1976 Mmarekani Harold Lindsell, akitetea Biblia isiyo na kosa, alifikia hesabu kwamba Petro alimkana Yesu mara sita. Injili zote nne zinasema mara tatu. Kinyume chao kuna John Calvin, ambaye hakuna anayemtuhumu kwa kuidharau Biblia. Mwaka 1555 alipofika Mathayo 27:9, ambapo maneno yaliyo karibu na Zekaria 11 yanapewa jina la Yeremia, alikiri kwamba hajui jina hilo limeingiaje, akaliita kosa, akaendelea na ufafanuzi wake.

Si kila tofauti ni ya aina ya saa. Nyingine ni za wanakili tu, na hapo uhakiki wa matini hufanya kazi kama ya fundi. Katika 2 Wafalme 8:26 Ahazia anatawazwa akiwa na miaka 22. Katika 2 Mambo ya Nyakati 22:2, kwa Kiebrania, ana miaka 42. Baba yake alikuwa amekufa na miaka 40. Hapo hakuna fumbo la kiroho la kutafuta, kuna mkono uliochoka. Goliathi naye: matini ya Kiebrania tuliyoizoea inampa dhiraa sita na shibiri, karibu meta tatu, ilhali muswada wa Samweli uliotoka Pango la 4 la Qumran mwaka 1952, pamoja na tafsiri ya kale ya Kigiriki, unampa dhiraa nne na shibiri. Huyo ni mtu wa meta mbili hivi, ambaye leo angecheza mpira wa kikapu.

Lakini hakuna muswada utakaokusaidia na sensa ya Daudi. Katika 2 Samweli 24:1 hasira ya Bwana ndiyo inayomsukuma mfalme kuwahesabu watu. Katika 1 Mambo ya Nyakati 21:1 ni Shetani. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliandika baada ya uhamisho wa Babeli, na kitabu cha zamani alikuwa nacho. Hakukosea kunakili. Aliona ugumu uleule unaouona wewe, kwamba Mungu anachochea kosa kisha analiadhibu, akauandika upya. Mgongano huu, kwa macho yangu, una thamani kuliko upatanisho wowote, kwa sababu tunamkamata mwandishi wa Biblia akiwa katikati ya kufikiri.

Je, yote haya yanaiacha wapi imani ya kutokosea? Inategemea ni ipi. Tamko la Chicago la Oktoba 1978, lenye vifungu 19, ndilo linalonukuliwa zaidi na Wakristo wa kiinjili, na mara nyingi na watu ambao hawajalisoma. Kifungu cha 10 kinaweka kutokosea kwenye maandishi ya awali, si nakala, kwa hiyo Ahazia hawasumbui hata kidogo. Kifungu cha 13 kinakataa kuipima Biblia kwa usahihi wa kisasa, na kinakubali namba za jumla na simulizi zinazochagua mambo tofauti. Ukikibana kifungu hicho, hata saa sita ya Yohana inaweza kupata pa kukaa. Wapo wanaokibana na wapo wanaokataa. Wakatoliki walipita njia nyingine. Tarehe 2 Oktoba 1964 Kardinali Franz König alisimama katika Mtaguso wa Vatikano akataja makosa kwa namba za aya, likiwemo la Marko 2:26, ambapo Daudi anapewa mikate wakati wa kuhani Abiathari, ilhali 1 Samweli 21 inamtaja Ahimeleki. Mwaka uliofuata hati ya Dei Verbum ilifunga ukweli usio na kosa na kile ambacho Mungu alitaka kiandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Waliokuwamo ukumbini walijua ni maneno ya maafikiano, na wanateolojia wangali wanabishana yanabana kiasi gani.

Kwa msomaji wa pwani niongeze jambo. Hoja za mihadhara zina ukoo mrefu. Vijitabu vya Ahmed Deedat wa Durban vilitokana na kusoma kwake Izhar al-Haqq cha Rahmatullah Kairanawi, kilichofuata mdahalo wa Waislamu na wamisionari huko Agra, India, mwaka 1854, na karne nyingi kabla yake Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliziorodhesha tofauti za Injili kwa subira ya mhasibu. Ila Waislamu hawakuishia kuhesabu migongano ya wengine. Imam Shafii aliandika juu ya hadithi zinazohitilafiana, na fani hiyo ina kanuni za lini zipatanishwe, lini moja itanguliwe, lini msomi anyamaze. Mwanafunzi aliyepitia madrasa huja kwetu akiwa tayari na zana, na mara nyingi ndiye anayewafundisha wenzake kutokurupuka.

Zana nyingine ni daftari la mistari mipana na penseli. Gawa ukurasa safu tatu: Mathayo 20:29–34, Marko 10:46–52, Luka 18:35–43. Ni kipofu wa Yeriko. Andika ni wangapi walioponywa, nani ana jina, na kama Yesu alikuwa anaingia mjini au anatoka. Usipatanishe kitu bado.